Madaftari tisa, flashi moja na mgeni anayeomba data

*"Assalaam alaykum. Nafanya kazi maabara hapa Pemba, huu mwaka wa tisa. Kila mwaka tunapita maskulini kukusanya mkojo na choo cha wanafunzi, tunasoma slaidi za kichocho na minyoo. Matokeo yanaandikwa kwenye daftari, kisha yanaingizwa kwenye Excel, kiasi cha watoto elfu tatu kwa mwaka. Mafaili mengine yako kwenye kompyuta ya ofisi, mengine kwenye flashi ya mwenzangu aliyestaafu na kurudi kwao Wete. Juzi mtafiti wa chuo kimoja cha nje ametuandikia akiomba data zetu, na anataka ziwe FAIR. Mkuu wangu hataki kusikia. Anasema tukizitoa tutaibiwa kazi, na majina ya watoto wa watu yatazagaa kwenye intaneti. Mimi nina aibu zaidi kuliko hofu, maana nilifungua faili la mwaka 2017, nililolijaza mwenyewe, nikashindwa kulielewa. Seva hatuna, intaneti inasuasua, fedha hakuna. Nianzie wapi?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu.

Katika barua yako sikushikwa na habari za mtafiti wa nje wala za mkuu wako. Nimeshikwa na lile faili la mwaka 2017. Umelitaja kama mtu anayekiri kosa, lakini kwangu mimi swali lote liko hapo. Mtu wa kwanza kuzitaka data zenu akatoka mikono mitupu ulikuwa wewe, uliyezikusanya kwa mikono yako. Ukizitengeneza zikakufaa wewe, sehemu kubwa ya kumfaa mgeni itakuwa imekwisha. Basi tumuache mgeni barazani kidogo, apewe kahawa, sisi turudi ndani tutazame nyumba ilivyo.

Kwanza hilo neno FAIR, maana naona limeshawatia watu homa. Ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Scientific Data. Kwa lugha yetu zinasema hivi: data zionekane, zifikike, zioane na data za wengine, na zitumike tena. Tafuta kote, hutakuta panaposema zitolewe kwa kila apitaye njia. Mkuu wako anachanganya kuonekana na kufunguliwa, na hayuko peke yake katika hilo. Ukienda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, zinakowekwa kumbukumbu za zamani, orodha itakwambia jalada fulani lipo, ni la mwaka fulani, linahusu jambo fulani. Kulitia jalada mkononi kuna utaratibu wake, na jengine hupewi. Lakini umeshajua kwamba lipo. Data zenu leo hazina hata hiyo orodha. Mnaweza kabisa kutangaza maelezo peke yake, yaani mlipima nini, wapi, miaka gani, kwa njia gani na nani wa kuombwa ruhusa, huku data zenyewe zimefungwa kufuli. Hiyo nayo ni FAIR.

Habari ya seva uifute leo. Hebu tupige hesabu pamoja: watoto elfu tatu kwa miaka tisa ni mistari 27,000. Kila mstari tuupe safu 30, na kila kisanduku herufi sita. Inakuja kama megabaiti tano hivi. Video ya harusi unayorushiwa WhatsApp ni nzito kuliko miaka tisa ya jasho lenu. Na hazina za data, yaani tovuti za kuhifadhia data, zipo za bure. Zenodo, kwa mfano, inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, tangu 2013, inapokea hadi gigabaiti 50 kwa kila wasilisho, na haikuulizi kama una seva.

Sasa flashi ya Wete. Hiyo ni kazi ya wiki hii, kabla ya jambo jengine lolote. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ambapo watu walizifuata data za makala 516 za kisayansi zenye umri wa miaka 2 hadi 22. Kwa hesabu yao, uwezekano wa data kuwa bado zipo ulipungua kwa asilimia 17 kila mwaka tangu makala ilipochapishwa. Visa vilikuwa vya kawaida mno: anwani za barua pepe zimekufa, au data ziko kwenye vifaa vya zamani visivyosomeka tena. Hapakuwa na mwizi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyinyi daftari mnalo, tena tisa. Kinachowaponyoka ni ufahamu wa kulisoma, na ufahamu huo uko Wete, ndani ya kichwa cha mtu.

Kwa hiyo usiende kuchukua flashi tu na kurudi. Chukua kompyuta, ukae na mwenzako nusu siku, mfungue faili moja moja. Kila safu muulize: hii ni nini, ilipimwaje, kwa kipimo gani, na hizi alama maana yake nini? Akikwambia "aa, hiyo mwaka ule tulibadilisha fomu katikati", hapo ndipo penye dhahabu, andika. Ukiweza, mrekodi kwa simu kwa ridhaa yake. Ukirudi, yote hayo unayageuza kuwa kamusi ya data: faili dogo, mstari mmoja kwa kila safu, likieleza jina la safu, maana yake, kipimo chake, na majibu yanayoruhusiwa. Sijui kifaa chengine cha bei rahisi kiasi hiki chenye faida kubwa kiasi hiki, na wengi hukiruka kwa sababu hakina fahari.

Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu miongozo ya wenzetu haiutaji: saa.

Niliwahi kuletewa faili la maabara moja ambayo sitaitaja. Watoto wa skuli nzima walikuwa wametoa mkojo saa 4. Programu ikasoma 04:00, yaani alfajiri ya saa kumi. Mchambuzi aliyekuwa mbali akaona upuuzi huu hauwezekani, akaifuta safu yote. Kumbe aliyeandika alikuwa sawa kabisa: saa nne asubuhi, kama tunavyosema sote. Na safu ile haikuwa pambo. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi karibu na mchana, ndiyo maana mkojo hushauriwa ukusanywe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Skuli mliyoifikia saa mbili asubuhi inaweza kuonekana ina ugonjwa mdogo kwa sababu tu mliwahi. Sasa fikiria mwaka mmoja gari lilikuwa zima mkaanza mapema, na mwaka uliofuata gari bovu mkafika adhuhuri. Anayetazama namba bila saa atadhani ugonjwa umepanda.

Saa ya Kiswahili peke yake haina tatizo. Balaa ni mchanganyiko. Ukikuta "2:00" kwenye faili, ni saa mbili asubuhi ya kwetu, au ni saa nane mchana kwa mtu anayeandika kama saa yake ya mkononi inavyoonyesha? Zote mbili ni saa za kazi, kwa hiyo huwezi kukisia. Dawa yake ni kuamua namna moja, saa 24, kutoka 00:00 hadi 23:59, na kuandika kwenye kamusi kwamba ndivyo ilivyo. Na kwa miaka ya nyuma, muulize mwenzako kila msomaji alikuwa na mazoea gani. Atakumbuka. Watu hawasahau ugomvi wa saa.

Kwenye choo, saa ina uzito hata zaidi. Unajua vyema kuliko mimi kwamba kwenye Kato-Katz, njia ya kupima choo kwa slaidi, ile selofeni iliyolowekwa glisirini huusafisha uchafu mpaka mayai yakaonekana. Lakini mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba, nayo husafishwa vilevile. Ikipita saa moja tangu slaidi ilipoandaliwa, hayaonekani tena. Mgeni atakayekuta skuli moja haina safura hata chembe atataka kujua jambo moja tu: slaidi ilisomwa baada ya dakika ngapi? Kama fomu yenu ina safu ya saa ya kuandaa na safu ya saa ya kusoma, data zenu ni za thamani. Kama haina, iongezeni kuanzia duru ijayo, na miaka ya nyuma andikeni kwa ukweli kwamba haikurekodiwa. Pengo lililotajwa halimdhuru mtu. Lililofichwa ndilo linalompoteza.

Kuna na hili la mayai yenyewe. Je, kwenye faili la 2017 mliandika mayai yaliyohesabiwa kwenye slaidi, au mayai kwa gramu? Kibao cha kawaida cha Kato-Katz kinabeba miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo hesabu huzidishwa kwa 24. Nakupa ujanja mdogo: chukua namba za safu hiyo uzigawe kwa 24. Zikigawanyika zote bila baki, zilishazidishwa. Zikigawanyika kwa 12 tu, huenda mlisoma slaidi mbili mkachukua wastani. Zisipogawanyika, hiyo ni hesabu ghafi, au kibao kilikuwa chengine, maana viko vya miligramu 50 vinavyozidishwa kwa 20, na vya 20 vinavyozidishwa kwa 50. Nimewahi kulitambua faili zima lisilo na maelezo kwa njia hiyo, na nilifurahi kama mvuvi aliyepata nguru. Lakini ungekuwepo mstari mmoja kwenye kamusi, nisingehitaji ujanja wowote.

Halafu sifuri. Kwenye Pemba ya leo, ambako kichocho kimepungua sana katika shehia nyingi, sifuri ndiyo data yenyewe. Anayetaka kusema ugonjwa umekwisha mahali hana ushahidi mwengine isipokuwa watoto wangapi walipimwa wakakutwa hawana. Kwa hivyo kisanduku kitupu si sifuri. Sifuri ni "nimetazama, sikuona". Kitupu kinaweza kuwa mtoto hakuja, alikuja na kikopo kitupu, mkojo haukufika mililita 10, au mwenye kuingiza data alichoka. Kila kimoja kipe alama yake. Na usitumie namba ambayo inaweza kuwa jibu la kweli. Kuna faili lililonila wiki mbili, ambamo 9 ilimaanisha "hakupimwa", isipokuwa pale ilipomaanisha mayai tisa.

Majina ya mahali nitayapitia haraka. Ukiandika "Kiuyu" tu, ni Minungwini, Mbuyuni au Kigongoni? Wewe unajua kwa kutazama jina la skuli. Kompyuta haijui, na aliye mbali ndiyo kabisa. Andika shehia kwa ukamilifu, pamoja na wilaya, kwa tahajia moja miaka yote. Shehia nazo hugawanywa, basi weka na mwaka wa mipaka unayoifuata.

Na Excel. Nisikufiche, naipenda, lakini ina tabia ya mtoto msaidizi asiyeuliza. Ukiandika namba ya sampuli 3-4, inaigeuza tarehe. Ukiandika skuli namba 007, inabaki 7. Ukiandika 1E5, inakupa laki moja. Si sisi tu tunaoumia: majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 yaligeuzwa tarehe kwenye majedwali ya wanasayansi duniani kote, mpaka mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikaona heri iyabadilishe majina kuliko kushindana na programu. Mwaka huohuo Uingereza ilipoteza kwa muda wagonjwa karibu 16,000 wa korona kwenye hesabu zake, kwa sababu aina ya zamani ya faili la Excel haibebi zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi iliachwa nje kimyakimya. Kwa hiyo safu za namba za sampuli uziambie mapema kwamba ni maandishi. Tarehe ziandike 2019-04-03, mwaka kwanza, ili asitokee mtu wa kusoma Machi badala ya Aprili. Na nakala ya mwisho ihifadhi kama CSV, maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, ambayo programu yoyote itayafungua hata miaka ishirini ijayo. Rangi hazibaki kwenye CSV. Kama njano kwenu ilimaanisha "rudia", ipe safu yake.

Jambo moja nakuomba kwa msisitizo: usirekebishe faili la asili. Najua mkono utawasha ukiona kosa la wazi. Lifunge faili hilo lisiandikike, lipe folda yake, kisha utengeneze nakala na ufanyie usafi humo, ukiandika kila ulichobadilisha na kwa nini. Daftari la karatasi ndilo shahidi wa kwanza, faili ghafi la pili, nakala safi la tatu. Nakala zako ziwe tatu, na moja iwe nje ya jengo hilo.

Sasa tumrudie mkuu wako, maana hofu zake mbili si za kupuuzwa.

Ya majina ana haki, na ukweli ni mgumu zaidi kuliko anavyodhani. Kuondoa majina hakutoshi. Chukua msichana wa miaka 14 aliyeko darasa la nne, katika skuli ya shehia ndogo, aliyepimwa tarehe fulani na kukutwa na damu kwenye mkojo. Jina halipo, lakini mwalimu wake, jirani yake na muuza duka wote wanamjua. Kinachomfichua ni mkusanyiko wa mambo madogo, ambayo kila moja peke yake halina madhara. Na kichocho kwa msichana anayekaribia kuolewa si habari ya kuchezea. Namna ya kupima hatari ni rahisi: hesabu watoto wangapi wanashiriki mchanganyiko uleule wa jinsia, umri, skuli na mwaka. Wengi hutumia mpaka wa watano. Wakipungua hapo, unganisha: umri uwe kwa makundi, shehia iwe wilaya, tarehe iwe mwezi. Unapoteza ukali kidogo, na huo ndio ubadilishanaji wenyewe, hauna njia ya mkato. Ndiyo maana mara nyingi nashauri matoleo mawili: moja la kina lililofungwa, na moja lililopunguzwa la kuonyeshwa watu.

Kama mlichukua vipimo vya mahali kwa simu, angalieni nukta za desimali. Nne zinakupeleka mpaka mlangoni mwa nyumba, kiasi cha mita 11. Mbili zinakupa kama kilomita moja. Kilomita moja Kojani, kule nyumba zilivyobanana, inamficha mtu vizuri. Kwenye shamba lenye nyumba tatu haimfichi. Orodha inayounganisha jina na namba ya sampuli iwe mbali na data, kwa nywila, na isitumwe kwa mtu. Kabla ya kutuma faili lolote la Excel tazama safu zilizofichwa. Nimeona majina kamili yakisafiri mpaka Ulaya ndani ya safu ambayo mtu aliikunja tu akidhani ameifuta.

Halafu kuna fomu ya ridhaa. Itoe kabatini uisome upya. Wazazi waliambiwa nini? Kama waliahidiwa kwamba matokeo yataonwa na timu yenu tu, ahadi ni ahadi, na data za mtoto mmoja mmoja haziondoki bila kurudi kwenye kamati ya maadili. Jumla kwa wilaya kwa kawaida haina shida hiyo, lakini hata hapo uliza. Kwa duru zijazo, ongezeni sentensi moja inayomwomba mzazi ridhaa ya data zisizo na jina kutumiwa na watafiti wengine, iandikwe kwa Kiswahili cha mtu anayekwenda sokoni.

Ya wizi wa kazi ana haki nusu. Hofu hii haikuzuka hewani. Watu wetu wameona mtafiti akishuka na boti ya asubuhi, akiondoka na sampuli, na jina la Pemba likaishia kwenye aya ya shukrani. Lakini tutazame utaratibu wenyewe. Data zikiwa kabatini, hamna ushahidi wowote wa nje kwamba ni zenu wala za lini. Mkiziweka kwenye hazina, hata zikiwa zimefungwa, zinapewa DOI, namba ya kudumu yenye tarehe na majina yenu, na kuanzia hapo anayezitumia anaweza kuzitaja kama anavyotaja makala. Weka na jina la mwenzako wa Wete humo, amelistahili. Unaweza kuweka kipindi cha zuio, tuseme mwaka mmoja au miwili, mpaka makala yenu itoke. Leseni ya CC BY inamtaka anayetumia awataje. CC0 haimlazimishi kisheria, basi msiichague kama kutajwa ndiko kunakowauma.

Nikuambie na upande wa pili, usije ukanilaumu. Leseni haimzuii mwenye kompyuta kubwa na wanafunzi kumi kuchambua haraka kuliko nyinyi. Kilichofunguliwa kimefunguliwa, harudishwi mtu mlangoni. Kwa hiyo kama mna swali lenu mnalotaka kulijibu kwa data hizi, lijibuni kwanza, au lindeni kwa zuio na mkataba. Ila kama miaka tisa imepita na hakuna aliyeandika, mkuu wako ajiulize anamlindia nani.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Maelezo na kamusi ya data ningeyaweka wazi kwenye hazina mwaka huu. Toleo lililopunguzwa, kwa skuli au wilaya na mwaka, likiwa na idadi ya waliopimwa, waliokutwa nao na saa za kukusanya, ningelifungua baada ya kamati kuridhia. Data za mtoto mmoja mmoja ningezifunga, zitolewe kwa ombi na mkataba. Njia ya "tuandikieni barua pepe" peke yake, bila hazina, siipendi: anayejibu barua hizo atahama kazi au atastaafu, na tutarudi palepale kwenye flashi ya Wete. Kama mna mfuatano wa vinasaba vya konokono au vya minyoo, huo una nyumba zake maalumu kama GenBank, usiuchanganye humu.

Mgeni wetu barazani kahawa yake inapoa. Mjibu kwa adabu na kwa maswali: anataka kujibu swali gani hasa, anahitaji safu zipi, nani ataketi naye kwenye uchambuzi kutoka kwenu, na je, chuo chake kitamfundisha mmoja wenu njia hiyo? Mwambie kamusi ya data inatengenezwa na ataiona kwanza kabla ya data. Mtafiti mwema atafurahi, maana kamusi itamwambia kama data zinamfaa au hazimfai. Akikasirika kwa kuulizwa hayo, umeshajua.

Mambo mengine hayafai kumalizwa kwa kusoma jibu hili, nenda ana kwa ana. Kabla ya faili lolote la mtu mmoja mmoja kutoka nje ya maabara, mkuu wako azungumze na kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ZAHREC, akiwa na fomu ya ridhaa mkononi. Kama anachotaka mgeni ni sampuli zenyewe, mkojo, choo au damu, hilo ni suala jengine lenye vibali vyake, msilitie kwenye barua moja na data. Mkataba wa kuhamisha data usomwe na mwanasheria wa wizara au wa taasisi yenu kabla ya saini, hasa kifungu kinachosema nani anamiliki kitakachotokana nazo. Na kama ndani ya mafaili yenu kuna majibu ya Ukimwi au ujauzito yaliyoingia humo kwa njia yoyote, simama kwanza, uwaone kamati.

Ukifika Wete ukachomeka flashi na kompyuta ikakuuliza kama unataka kuifomati, jibu hapana, ichomoe taratibu, uipeleke kwa fundi anayerejesha data, usijaribu mara ya pili. Na madaftari yale tisa, kabla masika hayajaingia, yapige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, kwenye mwanga mzuri, namba ya daftari na ya ukurasa zikionekana ndani ya kila picha.